Kinga ya mwili iongezwe au ishushwe? Jibu limo kwenye vimeng'enya vya seli

Tangazo moja linakuuzia kidonge cha "kuongeza kinga". Siku hiyo hiyo unasikia kuwa mtu aliyepandikizwa figo amepewa dawa za kushusha kinga, na atazinywa maisha yake yote. Mwingine mwenye baridi yabisi anaambiwa kwamba kinachomla viungo ni kinga yake mwenyewe. Halafu mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba inakwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, waliogundua jinsi kinga inavyozuiwa isiushambulie mwili inaoulinda. Mtu akiuliza, "Sasa kinga iongezwe au ishushwe?" hana kosa. Tatizo ni kwamba swali lenyewe linachukulia kinga kuwa kitu kimoja chenye juu na chini, na sivyo ilivyo. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuingia ndani ya seli, kwenye vimeng'enya vinavyopokea amri na kuzipitisha.

Kinga ya mwili ni jamii ya seli za aina nyingi. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa na kutawanyika kwenye damu, tezi za limfu, bandama, utumbo na ngozi. Zipo zinazomeza vijidudu. Zipo seli B, ambazo hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui na kumtia alama. Zipo seli T, ambazo huua seli zilizokwisha kuambukizwa au huelekeza seli nyingine cha kufanya. Na zipo seli T za kundi maalumu ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Hizo ndizo zilizohusika na tuzo ile ya 2025.

Kimeng'enya nacho ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kuisha. Wengi tunavijua kwa kazi ya kusaga chakula tumboni, lakini hivyo ni sehemu ndogo tu. Kila seli imejaa vimeng'enya, na kundi moja kati yake halina shughuli na chakula kabisa. Vimeng'enya hivyo vinahusika na habari: kutambua kwamba kuna jambo limetokea nje ya seli, na kufikisha taarifa hiyo kwenye kiini, mahali jeni zilipo.

Njia inayotumika sana kufikisha taarifa ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kimeng'enya kiitwacho kinasi huchukua kipande cha kemikali kiitwacho fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kukibandika kwenye protini nyingine. Basi, hakuna zaidi. Lakini fosfeti ina chaji hasi, na chaji hiyo ikiongezwa mahali panapofaa, protini hubadilika umbo. Iliyokuwa imejikunja hukunjuka, isiyoweza kushikana na jirani yake sasa hushikana naye. Kimeng'enya cha pili, kiitwacho fosfatasi, hufanya kinyume chake: hubandua fosfeti, na protini hurudi ilivyokuwa. Mwili wa binadamu una jeni za kinasi zaidi ya 500. Fosfatasi ni chache zaidi, na kwa muda mrefu zilidharauliwa kwa sababu hiyo.

Mchezo huu wa kubandika na kubandua uligunduliwa na Edmond Fischer na Edwin Krebs huko Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Hawakuwa wakitafuta habari za kinga hata kidogo. Walikuwa wanachunguza jinsi misuli inavyoamua lini ivunje akiba yake ya sukari. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1992, wakati ambapo ilikwisha kuwa wazi kwamba karibu kila uamuzi wa seli unapitia njia hiyo hiyo.

Tuifuate amri moja, kwa mfano wa seli T inayokutana na seli iliyoingiliwa na kirusi. Juu ya utando wake seli T ina kipokezi kinachotambua vipande vya kirusi. Kipokezi hicho si kimeng'enya. Kinaweza kugusa adui lakini hakiwezi kumwambia mtu yeyote ndani. Anayesema kwa niaba yake ni kinasi moja iitwayo Lck, inayokaa chini ya utando. Kipokezi kikinasa kitu, Lck hubandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi iliyoning'inia ndani ya seli. Mikia hiyo sasa ina mahali pa kushikika, na kinasi ya pili, ZAP-70, huja kushika hapo. Hiyo nayo hubandika fosfeti kwenye protini nyingine, ambayo hugeuka kuwa jukwaa la kukusanya vimeng'enya kadhaa. Kimojawapo hukata mafuta ya utando, na matokeo yake ni kwamba madini ya kalsiamu humiminika ndani ya seli.

Hapo inaingia fosfatasi iitwayo kalsinurini, inayoamshwa na kalsiamu. Inabandua fosfeti kutoka kwenye protini iitwayo NFAT, ambayo wakati wote huu ilikuwa imezuiwa nje ya kiini kwa sababu ya fosfeti hizo hizo. Ikishapokonywa, inaingia kwenye kiini na kusaidia kuwasha jeni ya interlukini-2, mjumbe wa kikemia anayeziambia seli T zigawanyike na kuongezeka. Fosfeti za kwanza hubandikwa ndani ya sekunde chache. Mjumbe huyo huanza kutolewa baada ya saa kadhaa. Kugawanyika kwenyewe huchukua siku, na hii ndiyo sababu mojawapo mafua hayaondoki siku ile ile yalipoingia.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Tukisema kinasi huwasha na fosfatasi huzima, tumepunja ukweli mara mbili. Kwanza, umeona sasa hivi kwamba kalsinurini ni fosfatasi na kazi yake ni kuwasha. Pili, kinasi na fosfatasi hazipokezani zamu. Zinafanya kazi kwa wakati mmoja, muda wote, hata kwenye seli iliyotulia. Fikiria sinki ambalo bomba lake linatiririka na tundu lake la chini liko wazi. Kina cha maji unachokiona ni matokeo ya vyote viwili. Maji yakipanda, huwezi kujua kwa kuyatazama tu kama mtu amelegeza bomba au tundu limeziba. Kwenye seli ya kinga kinachopanda na kushuka ni idadi ya protini zenye fosfeti, na seli huanza mapambano pale tu kina hicho kinapovuka kiwango fulani.

Kwa nini seli ifanye kazi ya bure namna hiyo, ikibandika na kubandua hata pasipo adui? Kwa sababu ya kasi. Seli ambayo mambo yake yanatiririka tayari inaweza kuitikia papo hapo kwa badiliko dogo upande mmoja, na inaweza kutulia upesi vilevile. Lck yenyewe ni mfano mzuri. Kinasi nyingine, Csk, huibandika fosfeti mkiani ili ijikunje na kunyamaza. Fosfatasi iitwayo CD45 huibandua ili iwe tayari. Ukidhani CD45, kwa kuwa ni fosfatasi, lazima iwe mzimaji, utashangaa kujua kwamba watoto waliozaliwa bila CD45 hawana kinga kali kupita kiasi. Wana upungufu mkubwa wa kinga, kwa sababu Lck yao haiamki ipasavyo.

Watoto wa namna hiyo ni wachache sana, lakini magonjwa yao yametufundisha mengi. Mwaka 1952 daktari Mmarekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akipata maambukizi makali ya bakteria kila mara. Damu yake ilipopimwa, ilikosa kabisa sehemu ya protini ambamo kingamwili hukaa. Bruton alimchoma sindano za protini hizo kutoka kwa watu wengine, na maambukizi yakapungua. Sababu ilibaki haijulikani kwa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1993 iligundulika kwamba jeni yenye hitilafu hutengeneza kinasi moja, ambayo sasa inaitwa BTK kwa heshima yake. Bila BTK, seli B zinazochipukia kwenye uboho hazipati amri ya kuendelea kukua, hivyo kingamwili hazitengenezwi. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na ndiyo maana wagonjwa ni wavulana takriban wote. Kimeng'enya kimoja, na tawi zima la kinga halipo. Mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba ZAP-70 ikikosekana kundi kubwa la seli T hutoweka, na mwaka 1995 ikaja habari ya kinasi iitwayo JAK3, ambayo kukosekana kwake humwacha mtoto bila seli T kabisa.

Hadi hapo mtu angeweza kusema: haya, kimeng'enya kikipungua kinga inapungua, basi kikizidi kinga itazidi. Mwaka 2013 jibu lilikuja, nalo halikuwa hilo. Watafiti walieleza ugonjwa wa kurithi ambao kinasi iitwayo PI3K-delta, ambayo hubandika fosfeti kwenye mafuta ya utando badala ya protini, inafanya kazi kupita kiasi. Wagonjwa hao walikuwa na nini? Maambukizi ya mapafu yasiyokwisha, virusi ambavyo mwili ulishindwa kuvidhibiti, tezi na bandama zilizovimba. Yaani upungufu wa kinga. Seli zao T, zikichochewa bila kupumzika, huzeeka na kuchoka mapema. Seli B hazikomai vizuri, na kingamwili zinazotolewa si za ubora unaotakiwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo leniolisib kwa ugonjwa huu, na dawa hiyo hupunguza nguvu za kinasi hiyo. Kwa mgonjwa wa namna hii, kuzima kidogo ndiko kunakorudisha kinga. Kwa maoni yangu, mfano huu mmoja unatosha kulivunja tangazo lolote linaloahidi kinga "iliyoongezwa", kwa maana anayeuza hasemi ameongeza nini, kwenye seli ipi, na kwa muda gani.

Sasa dawa za kushusha kinga zinaeleweka zaidi. Siklosporini ilipatikana kwenye kuvu aliyetolewa kwenye udongo wa Norwei, ikachunguzwa na kampuni ya Sandoz ya Uswisi katika miaka ya 1970, na mwaka 1983 ikaruhusiwa Marekani kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo. Ilibadilisha upandikizaji wa figo, ini na moyo. Cha kuchekesha ni kwamba madaktari waliitumia kwa miaka bila kujua inagusa nini hasa. Mwaka 1991 ndipo ilipobainika: siklosporini, pamoja na takrolimasi iliyotoka kwenye bakteria wa udongo wa Japani, huizuia kalsinurini. NFAT inabaki na fosfeti zake, haiingii kwenye kiini, interlukini-2 haitolewi kwa wingi, na seli T zilizokigundua kiungo kigeni haziongezeki kufikia jeshi la kukiharibu. Kalsinurini hata hivyo haiko kwenye seli T peke yake. Ipo kwenye figo pia, na dawa hizi zikizidi huziumiza figo. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa mara kwa mara kiasi cha dawa kwenye damu.

Kundi jingine linalotajwa sana siku hizi ni dawa za kuzuia JAK. Hizi JAK ni kinasi nne zinazokaa chini ya vipokezi vya sitokini, wajumbe wa kikemia ambao seli za kinga hutumiana. Interlukini-2 ni mmoja wao. Tofasitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa baridi yabisi, na nyingine zikafuata kwa magonjwa ya ngozi na utumbo. Wakati wa UVIKO-19 jambo lililowachanganya wengi lilitokea: Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mkazo barisitinibu, dawa ya kuzuia JAK, kwa wagonjwa mahututi. Kumshushia kinga mtu anayekufa kwa kirusi? Ndiyo, kwa sababu kwa wengi waliofika hatua hiyo kilichokuwa kinaharibu mapafu kilikuwa zaidi ni sitokini za mwili wenyewe. Mgonjwa yule yule angepewa dawa hiyo siku ya kwanza ya mafua, pengine ingemdhuru.

Dawa hizi si za mzaha. JAK2 hupeleka pia amri ya kutengeneza chembe nyekundu za damu, hivyo ikizuiwa sana mtu anaweza kupungukiwa damu. Mkanda wa jeshi hujitokeza zaidi kwa wanaozitumia, na kabla ya kuanzishwa mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha, maana kinaweza kuamka. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu mshtuko wa moyo, damu kuganda na saratani, baada ya utafiti wa tofasitinibu kwa watu wa miaka 50 na kuendelea waliokwisha kuwa na hatari ya magonjwa ya moyo.

Je, kuna mahali ambapo kinga huongezwa kweli? Ndiyo, kwenye matibabu ya saratani. Seli T ina kipokezi kiitwacho PD-1 ambacho kikiguswa huita fosfatasi, hasa SHP-2, ije kubandua fosfeti ambazo Lck na wenzake wamezibandika. Uvimbe wa saratani hujifunza kukigusa kipokezi hicho na kuzinyamazisha seli zilizokuja kuuua. Tasuku Honjo, aliyegundua PD-1, alishiriki Tuzo ya Nobel ya 2018 na James Allison, aliyefanyia kazi breki nyingine. Dawa zinazofunika PD-1 zimewaponya baadhi ya watu waliokuwa wamekatiwa tamaa. Lakini tazama kinachofuata kwa baadhi yao: utumbo kuwaka, tezi ya shingo kuharibika, ngozi kuchubuka, wakati mwingine hata misuli ya moyo kushambuliwa. Hivyo ndivyo kuongeza kinga kunavyokuwa kunapotokea kweli, na hufanyika chini ya uangalizi wa daktari bingwa.

Kutokana na hayo, baadhi ya mambo yanayosemwa kila siku yanajibika kwa urahisi. Mzio si dalili ya kinga dhaifu. Ni kinga inayokiitikia kwa nguvu kitu kisicho na madhara. Chanjo haiongezi kinga yote kwa jumla. Inaziandaa seli chache zinazomtambua adui mmoja, ili akija zifike upesi. Vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa madukani haviwezi kujazia kinasi zako, kwa kuwa kimeng'enya ni protini, na protini ukiimeza tumbo huisaga. Hata ambacho kingenusurika hakina njia ya kupenya hadi ndani ya seli T.

Vipi kuhusu vitamini na madini? Hapa ni lazima kutenda haki. Mtu aliyepungukiwa kweli na chakula bora, kinga yake inayumba, na akirekebishiwa upungufu inarudi. Zinki, kwa mfano, ndiyo inayoishikamanisha Lck na mikia ya protini mbili za juu ya seli T, CD4 na CD8. Lakini chembe moja ya zinki inatosha kila kifungo, na ukishakuwa na ya kutosha, ziada haimfanyi Lck kuwa mkali zaidi. Ikizidi sana kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza shaba, na upungufu wa shaba nao hupunguza chembe nyeupe za damu.

Wanaotakiwa kuwa waangalifu kuliko wote ni wale wanaotumia dawa za kutuliza kinga na wakati huo huo wanashawishiwa dawa za asili za kuipandisha. Hatari haiko kwenye kinga peke yake. Siklosporini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vingine vilivyo kwenye ini na utumbo, na vitu vingi tunavyokula huvigusa. Maji ya balungi huvipunguza kasi, dawa ikajaa kwenye damu. Mmea wa Hypericum perforatum, ambao watu wengi hasa Ulaya huutumia kupunguza huzuni, huviongeza, dawa ikaisha kabla ya wakati. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliripoti wagonjwa wawili waliokuwa wamepandikizwa moyo na hali zao zikiwa shwari. Walianza kutumia mmea huo, siklosporini ikashuka kwenye damu zao, na miili yao ikaanza kuikataa mioyo hiyo. Waliacha mmea, kiwango cha dawa kikarudi, na wote wawili wakatengemaa.